Nilifuta upande ya bifi yangu

Minyi njo niliharibu. Siyo kuran ya umeme, siyo virusi. Na musinihurumie, sababu nilijua nini nilikuwa nafanya.

Niko na nyumba kidogo ya kuandikia batu barua na kutoa photocopie, hapa Kamina, karibu na gare ya train. Ordinateur, mashini ya kuandikia, ni moja tu. Bwana yangu, anafanya kazi ku train, alileta dada yake mudogo akae kwetu juu ya masomo, kisha akaniambia nimupatie nusu ya mashini. Nusu! Huyo dada ya bwana, bifi yangu, akatia Linux upande yake, Windows ikabakia upande yangu. Asubui ukiwasha, ecran, kioo ya mashini, inakuuliza unaenda upande gani. Mu mashini yangu minyi mwenyewe, niulizwe!

Simupendi. Mpaka leo simupendi, niseme ukweli. Alikuwa anasahihisha makosa yangu mbele ya bateja, kwa sauti ya upole, na upole ile njo ilinichoma zaidi. Bateja bakaanza kumuulizia yeye.

Siku moja aliacha upande yake inafanya mise à jour, inajitia bintu bipya, akapanda pikipiki kwenda Mulongo, kuuliza bamama benye kukausha samaki maulizo ya travail, andiko yake ya mwisho ya masomo. Kuran ikakatika katikati. Iliporudi, ecran nyeusi, maneno mbili tu: «grub rescue». Windows haifunguki, Linux haifunguki. Bateja bamejaa ku mulango, na minyi natukana.

Nikamupigia. Hata salamu sikutoa. Nikamuambia Linux yake imeua mashini yangu.

«Yaya, haikufa,» akasema. «Ni mulango tu imepotea. Bintu yetu yote iko ndani. Clé yangu ya USB iko mu tiroir ya meza, washa mashini na ile, utarudisha mulango.»

Na alisema kweli! Hiyo kazi naijua. Juma iliyotangulia nilikuwa nimeifanya ku mashini ya muteja mumoja: unawashia ku clé, unaandika mistari mbili tatu, dakika kumi imeisha. Lakini ile «yaya» yake, ya kuniita dada mukubwa, ilinipanda ku kichwa. Anifundishe kazi yangu kwa telefone?

Sikugusa clé yake. Nikachukua CD yangu ya Windows. Ikanionyesha sehemu mbili ya disque, mahali mashini inachunga bintu yote. Yake niliitambua. Nikafuta. Ikaniuliza tena kama niko hakika, nikakubali. Kisha nikatandaza Windows ku disque muzima, na wimbo niliimba.

Nilijiambia kopi ya travail iko ku clé yake. Aone taabu kidogo, basi.

Aliporudi nilisema kuran njo ilikula kila kitu. Bwana yangu akaniamini, akamukaripia dada yake kwa kuacha mashini inafanya kazi bila mutu. Minyi nachambua sombe, majani ya muhogo. Bifi akawasha, akaangalia ukubwa ya disque, akaniangalia.

«Yaya, kuran haichagui upande.»

Nikawaka! Nikamuambia atoe clé yake mu tiroir, achukue kopi yake, aache kunisumbua.

«Clé ni moja tu,» akasema. «Nilifuta travail yangu ndani yake, nikatia dawa ya mashini, ili nikiwa mbali usikose kazi.»

Aksanti yangu njo ile. Tulitafuta ndani ya disque siku tatu, tukatoa vipande vya maneno, samaki hapa, Mulongo pale. Siku ya kudeposer travail ku masomo ikapita.

Amepoteza mwaka, na amehamia kwa shangazi yao. Bwana yangu nilimuungamia mwenyewe, na sasa anakula kwangu kama mugeni. Bateja balisikia nao, Kamina haina siri, bakaenda kwingine.

Weye unayesoma, kama unachukia mutu, mutukane usoni, mugombane, mumalize. Usiguse kazi yake. Na usikae mbele ya mashini na hasira, sababu ikikuuliza kama uko hakika, hasira njo itajibu.

Mashini inawaka vizuri, haiulizi tena upande gani. Clé nilimupelekea bifi, akakataa kuipokea. Iko mu tiroir mpaka leo, na dawa iko ndani.