Baiti ya Mafundi

Fundi wa mitambo hapa Sudbury, Kanada, huongea na dada fundi wa mji wa mbali wa Kapuskasing kwa kelele, utadhani waya haujafika huko. Loreen, wa meza ya pili, keshazoea. Simu yenyewe ni kuukuu, imechomekwa mtamboni: kila fremu ya mwanga inayopita na mizigo ya watu, simu na data zao, hubeba baiti chache, vijipande vya data, za kuilinda njiani, na moja ni ya mafundi kuongelea. Kabla ya kushika mkonga wa simu hiyo, fundi hupangusa masharubu. "Dada, jana ziwani ulivua samaki au ulivua viatu tu?"

Leo unafungwa mtambo mpya usio na baiti hiyo, na simu ya mafundi itakufa. Alipangusa masharubu mara mbili, akanong'ona: "Basi nipe namba yako."

Kicheko cha dada kikatoka mkongani, kikajaa chumbani. "Yako Loreen alishanipa zamani. Nilikuwa nayahurumia masikio yangu tu!"