Mwalimu Kamanthe na Mvinyo wa Kutema

Katika ukoo wa Mwalimu Kamanthe hakuna aliyewahi kunywa pombe. Hivyo ndivyo alivyowaambia watu, na shemeji zake wawili walioonyesha kinyume chake kila mwisho wa mwezi aliwaita wagonjwa. Alikuwa mjane wa afisa wa kilimo, mwalimu mkuu mstaafu, na nguzo ya Chama cha Akina Mama katika kanisa ambalo hata siki ya kachumbari ilitazamwa kwa wasiwasi. Pale kwao Katelembo alijulikana kwa lango lililopakwa rangi upya kila Desemba na kwa Kiswahili ambacho hakikuwahi kuchanganyika na kitu.

Binti yake Mutheu alipompata mchumba, Mbithi, fundi wa umeme wa Mlolongo ambaye kwao ni Ndithini, Mwalimu hakuwa na neno juu ya kijana. Lililomsumbua ni mahali pa kuwakaribisha watu wake. Nthenya, jirani na mwenzake wa chama, aliwapokea wakwe zake katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, na tangu hapo hakuna mkutano uliofunguliwa kabla bwawa hilo halijatajwa. Mwalimu akaazimia kumpita. Nyuma ya vilima kulikuwa na shamba la mizabibu lililopokea watu wa likizo. Wageni walitembezwa kati ya mizabibu, wakachuma zabibu, wakazikanyaga ndani ya beseni kwa miguu mitupu, wakapanda trela la trekta, kisha wakaketi kivulini kuonja mvinyo na jibini.

Hilo la mvinyo lilimtia shaka, akapiga simu shambani.

"Wanaoonja, wanakunywa?"

"Hapana, mum. Wanaonja halafu wanatema kwa ndoo."

"Wote?"

"Wenye wamesoma wanatema."

Ikatosha. Wiki nzima alijifunza kutema kwa juisi ya zabibu juu ya sinki, mpaka ikatoka mstari mmoja ulionyooka bila kugusa kidevu. Akamwalika Nthenya pia, kwa kuwa siku kama hiyo ilihitaji mtu wa kuisimulia.

Upande wa Mbithi alikuja ami yake, mzee Bartholomew, ambaye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho katika nyumba yao. Mzee alitembea kati ya mizabibu iliyofungwa kwenye nyaya, akasimama.

"Hii miti imefungwa kwa nini? Ilitaka kutoroka?"

Mwalimu akamweleza kilimo cha kisasa. Walipofika kwenye beseni, akaombwa avue viatu.

"Nikanyage chakula?"

"Ni desturi ya Ulaya, mzee. Baadaye maji yake huwa kinywaji."

Mzee akaitazama miguu ya wageni waliokuwa tayari ndani ya beseni, akasema yeye atangoja trekta.

Hatimaye wakaketi. Mwongozaji wa shamba, mwanamke aliyeitwa Mutanu, akamimina mvinyo mwekundu kwenye glasi ndefu. Mwalimu akasimama. Nthenya akainua simu kurekodi.

"Karibuni, wakwe zetu," akasema Mwalimu. "Hiki ndicho kinywaji cha nyumba yetu leo."

Akazungusha glasi, akanusa, akapiga funda, akalivuruga mdomoni, akainamia ndoo na kutema. Mstari ulinyooka vizuri kuliko ule wa sinki. Akajipangusa midomo kwa kitambaa, akangoja kupongezwa.

Mzee Bartholomew alikuwa ameweka glasi yake chini na kuchukua kofia.

"Mbithi, twende."

"Kuna nini, mzee?" akauliza Mwalimu.

Mbithi alijibu huku akiangalia meza. "Mum, huko kwetu kinywaji cha wakwe hakitemwi. Mtu akitema mbele ya wenzake, ni kusema mtoto wao hamtaki."

"Lakini huku ni kuonja tu. Watu wote waliosoma hutema. Hata Ulaya..."

"Ulaya wanaoa kwetu?" akauliza mzee.

"Basi niagize soda, tuanze upya."

"Soda hukuitema, mwaitu. Umetema hii."

Alimwita mwaitu, mama, kwa heshima yote, na heshima hiyo ndiyo iliyomtisha. Mutheu akamsogelea mama yake.

"Mama," akasema polepole, "mimi namtaka."

Mwalimu akaitazama glasi. Mvinyo ulikuwa bado nusu. Upande huu kulikuwa na simu ya Nthenya, na nyuma ya simu hiyo kanisa zima. Upande ule kulikuwa na kofia ya mzee, iliyokwisha kufika kichwani. Katika masomo yake yote, tangu chuo cha ualimu, hakuna mahali alipofundishwa kwamba jina jema la familia linaweza kuhitaji kumezwa.

Akameza. Koo lilipanda na kushuka mbele ya kila mtu, mpaka glasi ikawa tupu. Akakohoa. Masikio yakamwaka moto.

Mzee akaichukua glasi, akaiinua kwenye mwanga, akaikagua kama anavyokaguliwa mtoto mdomoni baada ya kupewa dawa. Kisha akavua kofia, akaketi.

"Sasa tuongee mambo ya mbuzi wa mahari," akasema, na glasi yake mwenyewe akaimaliza kwa mkupuo mmoja.

Kufikia Jumapili, hapakuwa na mwanachama ambaye hakuwa ameiona video. Baada ya ibada, mwenyekiti akaomba ufafanuzi, kwa upendo, kama walivyozoea kuombana. Nthenya aliketi mbele, mikono juu ya Biblia.

Mwalimu akasimama, kitambaa cha chama kichwani.

"Nilimeza," akasema. "Mtoto wangu anaolewa. Kuna swali lingine?"

Akina mama wakatazamana. Kisha mkono ukainuka nyuma, wa Mama Nthambi, mkongwe kuliko wote pale, ambaye hakuwahi kuuliza chochote katika mkutano.

"Huko shambani, Mwalimu, kuna mahali pa kulala?"

Mwalimu akangoja mnong'ono utulie, akamjibu kwa Kiswahili chake safi kwamba vyumba vipo, na asubuhi wageni huandaliwa mayai.