Paa la Bi Zuhura Halikuvuja

Sufi iliyolowa ina harufu yake: kama majani makavu yaliyosahauliwa ndani ya chungu cha maji, na humo ndani mna ukali unaokaa puani. Niliijua harufu hiyo nikiwa na miaka tisa, na mpaka leo nikipita kwenye maduka ya magodoro pale Kaloleni huona haya peke yangu, kana kwamba muuzaji anajua. Wakati huo, enzi za Mwingereza, tulikaa juu ya Tengeru, kwenye nyumba ya mwalimu iliyopakana na shule ya misheni. Baba ndiye aliyekuwa mwalimu mwenyewe. Alikuwa mtu mnyoofu, asiyependa uongo wala uvivu, na katika uvivu alihesabu pia kukojoa kitandani. Asubuhi moja aliianika shuka yangu kwenye kamba iliyoelekea darasani, akaiacha hapo mpaka wanafunzi wote walipoingia. Sikupigwa. Ningependa zaidi kupigwa.

Mwaka ule mjomba wangu, karani wa reli kule Tanga, alituandikia habari za mama mmoja wa huko aliyeitwa Bi Zuhura. Bi Zuhura alikuwa amepika miaka mingi katika hoteli ya Wazungu ufukweni, hoteli ambayo mtu mweusi aliingia kwa mlango wa jikoni tu. Sasa alikuwa ametumia akiba yake yote kujenga vyumba sita vya makuti karibu na bahari, kwa ajili ya Waafrika wenye watoto. Walimu na wazee wa usharika wetu walipoisikia habari hiyo walifurahi, lakini pia waliogopa. Nani kati yetu alikuwa amewahi kwenda mahali kupumzika tu? Mchungaji akamwambia Baba, "Mwalimu, tangulia wewe na familia yako. Ukisema panafaa, likizo ijayo tutakwenda wote." Baba akanunua daftari jipya kwa kazi hiyo. Tukapanda treni Arusha, daraja la tatu, Baba, Mama, mdogo wangu Elia na mimi, pamoja na mkungu wa ndizi ambao Mama alikataa kuuacha.

Sijaona tena mahali palipotengenezwa kwa kumfikiria mtoto kama pale. Kisima kilizungushiwa ua wa fito, na mlango wake ulifungwa kwa kamba juu kabisa, tusikofika. Baharini, pale maji yalipoanza kuwa marefu, Bi Zuhura alikuwa amechomeka miti yenye vitambaa vyekundu, na kila mtoto alijua kwamba mwisho ni hapo. Watoto tulikula kwanza, kwenye mikeka, wali wa nazi na samaki aliyetolewa miiba kwa mikono yake mwenyewe. Mama, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kubabaisha kwa sababu nyumbani aliongea Kimeru, alicheka siku zile kuliko nilivyowahi kumsikia akicheka. Baba aliandika: maji safi, choo safi, chakula kizuri, bahari haina hatari. Kurasa mbili zikajaa, na hapakuwa na lawama hata moja.

Alfajiri ya siku ya tatu niliamka nimelowa. Nje manyunyu yalikuwa yameanza kudondoka. Nikasikia Baba akijinyoosha upande wa pili wa pazia, nikaiona ile kamba ya shuleni machoni pangu, na maneno yakanitoka kabla sijayapanga.

"Baba, paa linavuja."

Alikuja, akagusa kitanda kwa ncha ya vidole, akatazama juu. "Limevuja leo tu?"

"Hata jana. Niliogopa kusema."

Baba akamwita Bi Zuhura. Alikuwa mwanamke mwembamba, mikono yake ina makovu ya mafuta ya moto. Alitazama makuti, nayo yalikuwa makavu. Aliinama akaligusa godoro, akapitisha mkono karibu na pua, kisha akanitazama. Nikatazama chini. Nilingoja aseme.

"Pole, mwanangu," akasema. Halafu akamgeukia Baba. "Nisamehe, Mwalimu. Nitamleta fundi leo hii."

Na kweli alimleta. Nilimsikia yule fundi akisema kutoka juu, "Bibi, mbona hapa hapavuji?" naye akamjibu, "Wewe ongeza makuti, baba, usiniulize." Godoro alilibeba mwenyewe, akalianika nyuma ya jiko, mahali pasipopita mtu. Jioni, watoto tulipokuwa tukigombea madafu, alipita karibu yangu akaninong'oneza, "Wewe usinywe mengi usiku huu." Hakuniambia neno jingine kuhusu jambo lile mpaka tulipoondoka.

Tuliporudi, walimu na wake zao walikusanyika darasani baada ya ibada. Baba alisoma kurasa zake zote, na nyuso za watu zilikuwa zikichangamka. Kisha akafika pale penye paa. Mwaka ule familia mbili za usharika zilikuwa zimezika watoto kwa ugonjwa wa kifua, na kila mzazi aliogopa unyevu. Mama mmoja akauliza kama ni kweli. Baba, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akataka ushahidi.

"Naomi, simama. Waeleze."

Nilisimama. Ningeweza kusema. Nikaziona nyuso za wale wanafunzi walioiona shuka yangu, wamejipanga dirishani. "Linavuja," nikasema. "Nililowa mwili mzima." Mama alikuwa benchi la mbele. Aliinamisha kichwa akaanza kukunja pindo la kanga yake.

Hakwenda mtu. Baba alimwandikia Bi Zuhura barua ya heshima kumweleza sababu, naye akajibu kwa mistari michache, akishukuru, akimsalimu binti. Baada ya mwaka mjomba aliandika kwamba vyumba vimefungwa na mama yule amerudi kwenye jiko la Wazungu.

Baba alikufa akiamini daftari lake. Kwa Mama nilikiri nikiwa tayari nina watoto wangu. Aliendelea kuchambua maharage. "Nilijua," akasema kwa Kimeru. "Ile shuka ya Tanga niliifua mimi." Nikamuuliza mbona alinyamaza. Akasema, "Yule alikuwa mgeni kwangu. Wewe ulikuwa mwanangu." Sikupata nafuu niliyoitarajia. Tulikuwa wawili tu sasa, badala ya mmoja.

Siku hizi mjukuu akilowesha kitanda, mama yake hucheka, akatandika mpira chini ya shuka na siku ikaendelea. Hoteli za ufukweni nazo hazimwulizi mtu rangi yake, na wajukuu huzipa alama kwa simu kabla hata ya kufungua mabegi. Wakiniuliza maoni yangu, husema sijui mambo ya hoteli. Nimefika Tanga mara mbili na kwaya ya akina mama. Mara zote mbili wenzangu waliteremka kwenda kuiona bahari, na yeyote kati ya wazee wa pale angeweza kunielekeza kwa watoto wa Bi Zuhura. Nilibaki ndani ya basi. Niliwaambia miguu inauma, na miguu ilikuwa mizima.