Nilikwenda hija kwa miguu na mke wangu, Mbinga hadi Chiwanda, nikarudi peke yangu

Wakuu, poleni na majukumu. Atakayeona hii ni chai ainywe taratibu, mimi naandika kilichonikuta na sukari sijaongeza.

Nimeona humu mnaulizana kuhusu kutembea hija na kulala hosteli za parokia. Mimi nimetembea, pamoja na mke wangu, kutoka Mbinga mpaka Chiwanda, ufukweni mwa ziwa.

Sisi ni wakulima wa kahawa. Mwaka juzi homa ilituchukulia mtoto wetu wa pekee, Benno. Alikuwa ndio anaanza kutamka maneno.

Baada ya hapo nyumba ikapoa. Hatukugombana wala nini. Mke wangu Skola anapika, tunakula, kila mtu anageukia ukuta wake.

Hija ilipotangazwa kanisani, Skola ndiye aliyesema, "Twende." Nilifurahi sana. Ni muda mrefu alikuwa hajataka kitu chochote.

Sasa kwa anayejiandaa: usiende na raba mpya! Mimi nilinunua mpya, hata Kingerikiti, kituo chetu cha kulala njiani, hatujafika visigino vimechubuka, nikamalizia safari na kandambili na soksi kama kichaa.

Beba shuka na sweta, milimani baridi haina utani na blanketi za hosteli hazitoshi. Godoro ni sponji iliyokwisha, kunguni wapo, maji ya kuoga mnagawana ndoo. Chakula ugali maharage, ukichelewa unakuta ukoko.

Na wenye ndoa mjue hili: wanaume bweni lao, wanawake lao. Hakuna cha "huyu mke wangu" pale.

Asubuhi ya kuondoka Kingerikiti, kiongozi wa msafara, katekista mmoja mtu mzima, akawa anataja nia za kuombea. Fulani anaumwa, fulani mwanae ana mtihani. Mara nasikia:

"Tumwombee binti yetu Skolastika, Mungu amfungue tumbo, ampatie mumewe mtoto."

Watu wote wakageuka kumtazama.

Mimi sikumwambia katekista kitu kama hicho. Skola pia hakumwambia. Nikajua hapo hapo ni mama yangu, maana yeye na katekista wanasali jumuiya moja. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Lakini "amfungue tumbo", kwa mwanamke aliyezaa na kuzika?

Nikamsogelea. "Skola, sikujua. Kweli tena."

"Najua," akasema. Akakaza kitenge chake, akaanza kutembea.

Siku ile nzima alitembea na mama mmoja wa makamo, Mama Kapinga, aliyelala naye bweni moja. Mimi nyuma nachechemea. Njia inashuka, joto linapanda, ziwa unaliona kule chini halafu linapotea. Watu wanaimba.

Tulipopumzika, Mama Kapinga akanifuata. Nikamwamkia.

"Marahaba, baba. Mwenzio ananisimulia habari za mtoto. Alivyokuwa anawaita kuku. Wewe ameshakusimulia?"

"Hapana, mama."

"Basi akianza, msikilize. Usimharakishe."

Iliniuma, wakuu. Anamsimulia mtu aliyekutana naye njiani, mimi niko naye kila siku sijui.

Tukafika Chiwanda. Misa ilifanyika ufukweni. Mwishoni padri akaita wanandoa wanaoomba watoto wasogee wabarikiwe. Katekista akatuonyesha kwa mkono, piteni, piteni.

Skola akageuka, akaenda kukaa kwenye mchanga.

Nikabaki nimesimama katikati, macho yote kwangu. Simu inaita, naangalia, ni mama. Nikaizima, nikamfuata mke wangu.

Nikakaa pembeni yake. Kisha akasema, "Sikuja kuomba mwingine, baba Benno. Nilikuja kumlilia huyu, mahali ambapo hakuna wa kuniambia ninyamaze."

Machozi yakaanza kunitoka. Tangu msiba sikuwahi kulia mbele yake, kwetu mwanaume anajikaza. Tulilia wote wawili mpaka wenzetu wakamaliza ugali na usipa, dagaa wa ziwani, bila sisi.

Nikadhani tumepona.

Kesho yake gari la kurudi likafika, Skola hakupanda. Dada yake ameolewa pale pale Chiwanda.

"Siwezi kuishi ua mmoja na mama yako kwa sasa. Sikuachi. Ila sirudi."

"Mpaka lini?"

"Sijui."

Nikapanda. Kiti cha pembeni yangu watu wakaweka mabegi.

Nyumbani mama alilia, anasema alitaka kutusaidia. Nilimjibu kwa heshima, ila nguvu ya kumbembeleza sikuwa nayo. Mpaka leo tunasalimiana tu.

Nilichojifunza: hija haifuti msiba. Inauchosha mwili mpaka yaliyofichwa yanatoka, na yakishatoka huwezi kuyapangia. Mkienda wawili, ulizaneni kabla hamjafunga mizigo kila mmoja anakwenda kuomba nini.

Ni miezi sasa. Kahawa nimevuna peke yangu. Wiki iliyopita Skola alipiga simu, akauliza kama majani yameota kwenye kaburi la Benno. Nikamwambia yameota. Akasema niyaache, atakuja kuyang'oa mwenyewe. Siku hakuitaja.

Mliowahi kufiwa na mtoto, naomba mawazo yenu. Nimfuate, au niendelee kusubiri?