Katibu wa Roboti

Mwandiko wangu ni mzuri, na ndio ulioniponza. Tangu shule ya msingi, kila walipotafuta mtu wa kuandika, macho yalinigeukia mimi. Nilipofika kidato cha tatu nilikuwa katibu wa kwaya, katibu wa shamba la shule, na katibu wa bweni ambalo sikuwahi kulala humo, maana nilisoma nikitokea nyumbani, mtaa wa Izia. Kwa hiyo mwalimu mpya wa fizikia alipotangaza kwamba anaanzisha kikundi cha kutengeneza roboti, niliwahi kujiandikisha, nikaapa moyoni kwamba safari hii kalamu hainipati.

Mwalimu huyo alikuwa kijana wa Morogoro, ametoka chuo kikuu moja kwa moja, na Sumbawanga ilimpokea kwa baridi ya mwezi wa sita. Alivaa sweta mbili kwa mpigo. Huko alikotoka walikuwa wamemjaza maneno kuhusu mji wetu na watu wake wanaosafiri kwa ungo, akawa anatutazama kwa jicho la pembeni, nasi hatukumtoa wasiwasi. Upepo ukifunga dirisha, mtu wa dawati la nyuma alisema kwa sauti ya chini, "Wameshafika." Mwalimu alisita kidogo, akaendelea na somo lake.

Roboti, alitueleza, ni mashine inayofanya kazi ya mtu kwa kufuata amri. Ile tuliyotengeneza sisi, nikisema kweli, ilikuwa mkono wa mbao uliosimamishwa juu ya ubao. Ulikuwa na kiuno cha kugeuka huku na huku, bega, kiwiko, na kiganja cha vipande viwili vya mbao vilivyobandikwa mpira wa ndala. Ulitembezwa kwa mabomba ya sindano, yale makubwa, ambayo mwalimu aliyanunua mjini kwenye duka la dawa la mtu binafsi, maana ndiyo kwanza maduka hayo yalikuwa yameanza kufunguliwa. Bomba moja mkononi mwako, jingine kwenye mkono wa mbao, katikati mpira mwembamba uliojaa maji. Ukisukuma huku, maji yanasukuma kule. Viungo vinne, mabomba manne ya kusukuma, watu wanne. Kazi yake ilikuwa kuokota hindi chini na kulitia kapuni, na tungeipeleka kwenye maonyesho ya shule mwishoni mwa muhula.

Sasa niseme kwa nini nililitaka jambo hili kiasi hicho. Enzi za ruksa ndizo zilizompa baba yangu mashine ya kusaga. Zamani alilima mahindi na ulezi kama watu wote wa Ufipa, kisha biashara ilipofunguliwa akauza ng'ombe na shamba moja, akanunua injini ya dizeli na kinu, akajenga kibanda nyuma ya nyumba. Kaka zangu walijifunza kuzungusha hendeli, kuvalisha mkanda, kubadili mawe. Mimi, mtoto wa kike, nilifagia. Nikisogelea injini, baba alikuwa na jibu lake lilelile.

"Kanga itanaswa na mkanda, mama. Unataka nikuzike?"

Kazi moja tu ya maana aliniachia. Unga ulipoanza kutoka niliwekewa kidogo kiganjani, nikausugua kwa vidole, nikawaambia kaka zangu kama bado ni mnene au umelainika mno, nao wakakaza au wakalegeza. Nilifanya hivyo nikiwa nimesimama mlangoni, nje ya mstari ambao baba aliuchora kwa mguu wake. Nilitaka baba anione, hata mara moja, nimeshika mashine yenye kazi na mwili wangu wote uko salama. Kiganja cha ile roboti kingenitosha.

Basi tukakutana kugawana kazi. Vyama vingi vilikuwa vimeingia nchini si muda mrefu, na sisi kampeni zilikuwa zimetupanda kichwani. Hakuna aliyeuliza nani anajua kufunga mpira usivuje. Tuliuliza nani awe mwenyekiti. Aliyeshinda alikuwa kijana wa Kisukuma, mtu mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Wazazi wake walikuwa wameshuka na mifugo bondeni, huko mbele ya kijiji cha Muze, naye alikaa bwenini. Sisi Wafipa tulimtania kwamba kwao majina ya ng'ombe yanakumbukwa kuliko ya watoto. Yeye alijibu kwamba Mfipa ukimpa gunia la ulezi, kesho yake utakuta pombe. Kampeni yake ilikuwa fupi: akichaguliwa, kila mwanachama atapata cheo.

Na alitimiza, nani kama yeye. Tulikuwa na makamu mwenyekiti, mweka hazina wa hazina tupu, kiranja wa vifaa, kiranja wa nidhamu, msemaji wa kikundi, na mkuu wa itifaki ambaye kazi yake ilikuwa kupanga viti. Walipofika kwenye nafasi ya katibu, hata mapendekezo hayakuombwa.

"Katibu tunaye," alisema mwenyekiti. "Mwandiko wake mnaujua."

Wakapiga makofi. Nilitamani kuwamwagia wino.

Muhula ukasonga. Kila kikao kilifunguliwa rasmi na kufungwa rasmi, na katikati tulijadili. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri kwamba mjumbe mmoja ameripoti bomba la bega linavuja, na kwamba kikao kimeagiza suala hilo lichukuliwe kwa uzito unaostahili. Niliandika kwamba kiranja wa vifaa na kiranja wa nidhamu wamekosana juu ya nani atunze bisibisi, na kwamba imeundwa kamati ndogo. Mkono wenyewe ulilala mezani. Wakikaa wanne kwenye mabomba, kila mmoja alisukuma alipojisikia, kiuno kikaenda kushoto huku bega likiinama kulia, na maji yakaturukia usoni. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, wanasema watu wa pwani. Sisi wa milimani tulithibitisha bila kuona bahari.

Mwalimu alitustahimili mpaka ilipobaki kama wiki mbili. Siku hiyo aliingia, akavua miwani, akatutazama.

"Humu ndani nina serikali nzima," alisema, "lakini sina fundi. Kama kufikia Ijumaa mkono huu haujaokota hata kitambaa, hatuendi kwenye maonyesho. Sitawapeleka mkaaibike, nami niaibike nao."

Akatoka. Mwenyekiti akasema tufungue kikao cha dharura. Mimi niliona kiganja changu kinaondoka hivihivi, kabla sijakigusa, na hasira ikanipanda mpaka masikioni. Nikasimama.

"Mimi siandiki tena. Nataka kushika bomba la kiganja."

"Katibu, hilo halimo kwenye ajenda," alisema kiranja wa nidhamu.

"Basi liwe la mwisho nitakaloliandika. Nataka kiganja. Mkininyima, mtafute mwandiko mwingine."

Nilitegemea mwenyekiti angenikalisha, lakini aliutazama ule mkono wa mbao, akaanza kucheka peke yake.

"Jamani, sisi ni wajinga," alisema. "Kwetu tunalima kwa ng'ombe wanne, jembe moja. Hakuna ng'ombe mwenyekiti. Unamfunga huyu kushoto, akipinda unamhamishia kulia, mpaka kila mmoja akae upande wake. Akishaupata humtoi. Ng'ombe hapigiwi kura."

"Kwa hiyo sisi ng'ombe?" aliuliza msemaji wa kikundi.

"Ng'ombe ana kazi, mshikaji. Wewe una cheo."

Vyeo vyetu vyote vilikufa papo hapo, hata kikao hakikufungwa. Kesho yake kila mtu alikuja na nyanya moja ya kujaribia kutoka kwao au jikoni mwa shule, tukafungana kwenye mabomba mmoja baada ya mwingine, kila mtu kila bomba. Mkuu wa itifaki, ambaye tulidhani hafai kwa lolote zaidi ya viti, aligeuza kiuno polepole bila kutikisa chochote. Kiranja wa nidhamu alipatikana begani, kwa sababu alikuwa mkaidi na bega linataka mtu asiyelegeza. Kiwiko kilimwangukia kijana mmoja mpole ambaye cheo chake nimekisahau, pengine hata yeye. Mwenyekiti alijaribu yote manne. Kwa nguvu zake alichomoa mipira miwili na kupasua nyanya tatu, moja yao ikamrukia mwalimu aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia.

Zamu yangu ya kiganja ilifika mwishoni, nyanya zimebaki mbili na wenzangu wananitazama kwa mashaka. Nikashika bomba, nikaanza kusukuma. Kuna mahali maji yanaanza kukujibu, yanakuwa mazito kidogo kwenye kidole gumba, na nilipofika hapo nilipajua, kwa maana nilikuwa nimekaa miaka nikisikiliza unga kwa vidole hivyohivyo. Nikasimama pale. Nyanya ikanyanyuka nzima, ikaning'inia, nami nikaogopa hata kupumua.

"Huyo amepata upande wake," alisema mwenyekiti. "Asihamishwe."

Mwenyewe, aliyekosa upande, tulimpa kazi ya kuita. Aliviita viungo kwa majina ya ng'ombe wa kwao: kiuno kiliitwa Dola, bega Shida, kiwiko Raha, na kiganja, yaani mimi, Pole. Akitaja jina, huyo peke yake ndiye anayesukuma, wengine mikono imetulia. Waliobaki walijaza maji, walikagua mipira, walifukuza watazamaji. Mmoja wetu wanne akiugua hatukufanya mazoezi, wala hatukuweka mbadala. Kufikia Ijumaa ile tuliokota kitambaa, chaki, na kofia ya mwalimu.

Nyumbani sikusema nimeshika nini. Nilimwambia baba tu kwamba shule ina maonyesho Ijumaa inayofuata na wazazi wamealikwa. Alisema Ijumaa ni siku ya wateja wengi. Sikumbembeleza, lakini usiku ule nililala vibaya.

Maonyesho yalifanyika kwenye uwanja wa mpira wa mjini, upepo ukipeperusha vumbi na vitambaa vya meza. Tulipanga mkono wetu, kapu, na hindi moja kavu lililochaguliwa kama bibi harusi. Watu walikusanyika. Hindi lilipoanza kunyanyuka na hakuna aliyeligusa, mama mmoja nyuma akauliza, "Hii ni sayansi au ni mambo yetu?" Uwanja ukacheka, na mwalimu wetu wa Morogoro alicheka kuliko wote. Hapo nikainua macho, nikamwona baba. Alisimama pembeni kwenye koti lake kuukuu, mabega meupe kwa unga, amekuja bila hata kujikung'uta.

"Shida, juu," aliita mwenyekiti.

Bega likapanda nusu, likasita, likaanza kushuka. Mpira ulikuwa umetoboka. Nilisikia maji yakichuruzika juu ya ubao.

"Raha, tulia. Dola, tulia. Pole," alisema, na sauti yake ilikuwa ileile, ya mtu aliye nyuma ya jembe, "Pole, usiachie."

Wenzetu wakapiga magoti kubadili mpira na kujaza maji upya. Mimi kazi yangu ilikuwa kutofanya kitu. Nikisukuma zaidi, hindi lingechomoka lirukie watu. Nikilegeza, lingeanguka. Kidole gumba kikafa ganzi, na baridi ile haikusaidia. Mtu mmoja akasema imeharibika, twendeni kwingine, na baadhi wakaondoka. Sikuthubutu kumtazama baba tena. Nilikitazama kidole changu na kukiomba, kwa kweli nilikiomba, kisinitie aibu leo.

"Shida, juu."

Bega likapanda. Kiwiko kikanyooka, kiuno kikageuka, na aliponiita nikaachia. Hindi likaingia kapuni kwa mlio mdogo ambao mpaka leo naukumbuka. Tulirukiana kama wendawazimu, mwenyekiti akapiga ukelele wa ng'ombe uliowashtua watu wa meza kuu.

Hatukushinda. Ilishinda shule iliyoleta kiangulio cha mayai, kwa sababu kifaranga kilipasua ganda mbele ya mgeni rasmi, na hakuna roboti duniani inayoweza kushindana na kifaranga. Mwenyekiti alidai wameiba kura. Nilipomtafuta baba alikuwa ameshaondoka.

Jioni mama alitenga ugali na maharage. Baba alinawa, akakaa, akala matonge mawili matatu, kaka zangu wakibishana habari za dizeli. Nami nilikuwa nimeshajiambia kwamba amekuja, ameona, na ndiyo basi.

"Kile ulichokuwa umekishika," alisema ghafla. "Ungeachia ingekuwaje?"

"Hindi lingeanguka, baba."

"Na ungekaza?"

"Lingechomoka. Pale palikuwa na mahali pamoja tu pa kusimama."

Akaendelea kula. Kaka zangu walikuwa wameiacha dizeli yao, wananitazama mimi, wanamtazama yeye. Alimaliza, akanawa tena, akajifuta mikono kwenye koti lake na kuipaka unga upya. Alikuwa ameshafika mlangoni aliposema, bila kugeuka, kwa sauti ya kuagiza chumvi dukani:

"Kesho uwahi mashineni. Usivae kanga."