Alama za Lukhanyo

Kwenye fremu ya mlango wa jikoni kwetu, Gugulethu, Mama huchora alama ya urefu wangu kila siku yangu ya kuzaliwa. Lukhanyo alipoletwa na ustawi wa jamii alelewe kwetu, sote tukiwa na miaka kumi na mitano, alipata alama moja tu, chini ya yangu kwa vidole viwili. Akanuna siku tatu, hata miguu ya kuku hakuigusa.

Siku ya nne akauliza, "Mama, alama zangu za zamani ziko wapi? Nilipokuwa na miaka saba nilikuwa mrefu sana."

"Nani alikuona?" nikamwuliza.

"Kwani wewe ulikuwepo?"

Mama akachukua penseli. "Haya, onyesha."

Akaonyesha, na kila mwaka alinizidi. Nikasema huyo si mtoto, ni twiga. Mama akaendelea kuchora.

Walipofika mwaka wa kwanza, Lukhanyo akasita. "Huo siujui."

Mama akapiga magoti, akachora chini kabisa. "Hapa. Ulikuwa unasimama kwa kushikilia sketi yangu."

"Na mimi nilikuwa wapi?" nikauliza.

"Wewe ulikuwa unalia, kama sasa."