Maji ya Mashine

Mwaka 1975, kabla ya likizo ya Juni, mwalimu wetu wa kidato cha nne, Ndugu Fabiano, alitugawia karatasi moja moja. Kila mwanafunzi achague kazi anayotaka kulitumikia taifa kwayo, aende akaione kwa macho yake, aandike kurasa mbili, halafu alete sahihi ya mtu anayeifanya. Ubaoni aliandika orodha: ualimu, uuguzi, kilimo, mifugo, ukarani, polisi. Mimi nilichagua ualimu kwa sababu mwalimu mwenyewe alikuwa amesimama mbele yangu, sahihi niliipata palepale. Felista Gaspari alinyoosha mkono akauliza kazi ya kutengeneza mashine za hospitali iko wapi.

"Haimo," alisema mwalimu. Darasa zima lilicheka, na mimi nikiwemo.

Felista na mimi tulitoka kijiji kimoja, Mungaa. Alipokuwa na miaka tisa alivunjika mkono akichunga ng'ombe, akalazwa hospitali ya misheni wiki nne. Watoto wengine waliopigwa eksirei walirudi kijijini wakijisifu kwa mifupa yao. Yeye alirudi akiuliza ile mashine ikifa, nani anaifungua. Aliuliza nyumbani, kanisani, hata kwa bwana shamba. Kusema kweli, alichosha watu. Baba yake, mzee Gaspari, alimwambia hana ugomvi na kazi yoyote, ila hiyo haina jina, na watu wakimwuliza binti yake anafanya nini atawajibu nini?

Mwalimu Fabiano hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa orodha tu. "Ukileta sahihi ya mtu anayeifanya kazi hiyo," alimwambia, "nitaiandika kwenye fomu yako kwa mkono wangu. Usipoileta, nakuandikia uuguzi." Fomu zilitakiwa Dar es Salaam mwisho wa Julai.

Basi likizo ilipoanza Felista alitembea nusu siku hadi hospitali ile ile ya misheni. Wauguzi walimpa kitanda, naye akawasaidia kufua mashuka. Mtu wa mashine, mzee Kefa, Felista alimkuta amelala chini ya Landrova.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeleta mgonjwa?"

"Hapana. Nimekuja kuona unavyotengeneza mashine. Halafu nitaomba sahihi yako."

Mzee Kefa alitoka chini ya gari akajifuta mikono. "Mimi ni dereva, binti."

Na kwa karatasi alikuwa dereva kweli. Aliajiriwa hivyo mwaka 1958. Kwa kuwa alijua kufungua injini, walimwachia jenereta, kisha friji ya chanjo, kisha eksirei, na hakuna aliyekumbuka kubadilisha karatasi. "Nikisaini kwamba ni fundi," alisema, "wataniuliza cheti. Cheti sina. Nitakosa hata huo udereva." Alikubali Felista atazame kazi, lakini sahihi alikataa katakata.

Mashine iliyomtesa Kefa kuliko zote ilikuwa ile ya kuchemshia vyombo vya upasuaji. Koili yake, kile chuma cha ndani kinachochemsha maji, ilikuwa ikiungua kila baada ya miezi mitatu, na kupata nyingine kutoka Dar kulichukua wiki kadhaa. Katikati hapo daktari hapasui mtu. Wiki aliyofika Felista, mama mjamzito alipakiwa kwenye Landrova akakimbizwa mjini kwa sababu hiyo. Kefa alilaumu jenereta. Daktari alilaumu waliotengeneza koili.

Felista aliomba kuona koili iliyoungua. Ilikuwa imevaa ukoko mweupe, mnene. Aliubandua kwa kucha akauweka kwenye ulimi.

"Maji ya kisima," alisema. "Ukoko huu ndio unaoiunguza."

Nyumba yoyote ya kwetu ilikuwa na mitungi miwili. Mmoja ni wa maji ya mvua, ya kunywa na ya mgeni. Wa pili ni wa maji ya kisima, yenye chumvi, ya kufulia na kunyweshea ndama. Kumpa mgeni chai ya maji ya kisima ni kumfukuza bila kufungua mdomo. Mzee Gaspari huyo huyo aliwahi kuinuka nyumbani kwa shemeji yake kwa ajili ya chai ya namna hiyo, na hakukanyaga tena pale kwa miaka sita. Hospitali nayo ilikuwa ya watu wa kwetu. Tangi la maji ya mvua lilifungwa kwa kufuli, ufunguo akawa nao muuguzi mkuu, Sista Raheli, na maji yale yalikuwa ya wagonjwa na ya chai ya wageni. Mashine si mgonjwa wala si mgeni, kwa hiyo ilipewa ya kisima. Hakuna aliyetoa amri hiyo, na Kefa mwenyewe, aliyezaliwa na kukulia huku, hakuwahi kuifikiria.

"Mashine ina ulimi?" aliuliza Sista Raheli, Felista alipomwomba ufunguo. "Hakuna mvua hadi Novemba. Yakiisha, askofu akija nimpe nini?"

Felista hakubishana. Alichukua vikombe viwili vipya vya bati, akatia kimoja maji ya kisima na kingine maji ya mvua aliyopewa anywe mwenyewe. Alivichemsha hadi vikakauka, akajaza tena, akakausha tena, siku tano. Siku ya sita aliviweka mezani kwa Sista Raheli. Kimoja kiling'aa. Kingine kilikuwa cheupe ndani kote, na Sista alipokikwangua kwa kijiko unga ulimwagika kwenye daftari lake la zamu.

"Na wageni?" aliuliza akikung'uta daftari.

"Wageni wanywe ya kisima, Sista."

"Wewe binti umelelewa na nani?" Alikasirika kweli, na nadhani hakumsamehe mwezi mzima. Lakini jioni alimpelekea Kefa ufunguo.

Koili mpya ilipofika, Kefa aliifunga, akaijazia mashine maji ya mvua, kisha akaomba ile karatasi. Aliandika polepole: Kefa Lazaro, fundi. Akamrudishia, akaiomba tena, akaisoma tena, ndipo akaiachia.

Mwalimu Fabiano alitimiza ahadi. Kwenye fomu ya Felista aliandika kwa mkono wake, kwa herufi kubwa: FUNDI WA MASHINE ZA HOSPITALI. Majibu yalikuja Desemba. Mtu wa ofisini, ambaye hatutamjua kamwe, alikuwa amepiga mstari juu ya maneno hayo akaandika uuguzi. Felista alilia mchana kutwa. Mimi, niliyepata ualimu kwa uvivu, nilikaa naye nikiona aibu.

Alisomea uuguzi kwa sababu alipangiwa, akarudishwa hospitali ile ile. Ile koili aliyoifunga Kefa ilidumu miaka minne. Kefa alipostaafu hakuletwa mtu wa nafasi yake, maana kwenye karatasi aliyeondoka ni dereva, na dereva mwingine alikuwepo. Felista akawa anazunguka wodini na bisibisi kwenye mfuko wa gauni jeupe. Kwenye daftari la watumishi ni muuguzi mpaka leo.

Mwaka 1981 mvua zilikuwa chache. Oktoba mzee Gaspari alitaka kumwona binti yake kazini kwa mara ya kwanza, nikamsindikiza. Felista alitukaribisha chumbani kwake, akatumiminia chai. Nilipoonja tu nikajua. Nilimtazama mzee kwa hofu.

"Baba," alisema Felista, "maji ya mvua yamebaki kidogo sana."

Mzee Gaspari alikishika kikombe akakitazama. Kisha akanywa, taratibu, mpaka chini.

"Na mashine imeshakunywa?" aliuliza.

"Imekunywa, baba."

Akanyoosha kikombe. "Haya, niongeze."